Mwethya Uliogawana Vidonge

Nimestaafu, lakini pua yangu imekataa kustaafu. Juzi niliingia duka moja la dawa hapa Machakos mjini, sitasema lipi, kununua dawa yangu ya presha, na kabla sijajibu salamu nilikuwa nimeshanusa muthokoi. Si kidogo. Muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wa jana, uliopashwa moto asubuhi.

"Karibu Susu," kijana wa kaunta akaniambia, akiniita nyanya kwa Kikamba na kutabasamu vizuri kabisa.

"Asante mwanangu. Kwanza toa bakuli lako kwa friji, halafu tuongee."

Alinitazama kana kwamba nimetoka kwa mganga. Akafungua friji, na kweli bakuli lilikuwa pale, limeegemea insulini za watu. Akalitoa, akapangusa, na bila kuambiwa akasoma kipima joto. Hapo nikampenda. Friji ya dawa ikifunguliwa kila mtu anapotaka kuchungulia chakula chake, joto linaingia, na insulini haitaki joto, wala haitaki kugandishwa kama nyama. Ubaya wake ni kwamba ikiharibika inaweza isibadilike sura. Mgonjwa atajidunga kila siku, sukari itabaki juu, na atadhani Mungu amemsahau.

Mwalimu wenu alinialika chuoni niongee nanyi kuhusu usalama na ubora katika duka la dawa. Nilikuja, nikaongea kidogo na kukohoa sana, mkanipigia makofi kwa huruma. Nilipofika nyumbani nikaona sikusema hata nusu ya nilichotaka. Kwa hiyo nimeandika. Someni polepole, na mkiona nimewachokoza, jueni ninawachokoza kwa sababu nyinyi ndio mtakaonihesabia vidonge vyangu uzeeni.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Bwana Mutiso. Alikuwa mfamasia mfupi, mwenye sauti nyembamba, na koti jeupe ambalo hakuwahi kulivaa akienda kula. Akisikia njaa alilivua, akalitundika, akaenda. Akirudi alinawa mikono mpaka viwiko. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, nikidhani ninajua. Kazi yake ya kwanza kunipa ilikuwa kunusa.

Zamani dawa nyingi zilikuja katika mikebe mikubwa, vidonge vimelala ovyo ndani. Ulimimina kwenye kisahani, ukahesabu kwa kijiti cha bati, wala si kwa kidole. Ole wako akukute na kidole. Siku moja alinifungulia mkebe wa aspirini akaniambia ninuse. Nikanusa, nikasema inanuka kama kachumbari.

"Siki," akasema. "Aspirini ikianza kuvunjika inanuka siki. Huu mkebe umekwisha."

"Lakini tarehe yake bado, Bwana Mutiso."

"Tarehe iliandikwa na mtu ambaye hajui mkebe ulikaa wapi. Wewe unajua. Ulikaa chini ya mabati."

Mkebe wote ukawekwa kando pamoja na dawa za kuharibiwa, na roho iliniuma kwelikweli. Tangu hapo nikajua kwamba tarehe ya mwisho inategemea dawa iwe imetunzwa ilivyotakiwa. Mkinunua shehena, msisome karatasi peke yake. Gusa katoni. Muulize dereva amesimama wapi njiani. Kuna mmoja alituletea vidonge vya kupachika nyuma vikiwa vimeyeyuka kama siagi, akaapa kwamba tukiviweka kwa friji vitaganda tena. Vitaganda, ndiyo, lakini dawa itakuwa imeshuka upande mmoja, na mgonjwa mmoja atapata mafuta matupu na mwingine atapata dawa ya watu wawili. Dereva alirudi navyo Nairobi akinung'unika.

Friji nayo ina hadithi yake. Jirani yetu alikuwa Bwana Abdi, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa pia na duka la nguo. Siku moja umeme ulikatika upande wake, akaja na kibuyu cha maziwa ya ngamia akiomba tumhifadhie. Bwana Mutiso akakataa. Abdi akakasirika mno, akasema sisi tuna roho mbaya, maziwa ni baraka, nafasi iko. Hawakusalimiana kwa muda mrefu. Kisha mkewe Abdi akaandikiwa insulini, na siku ya kwanza aliyokuja kuichukua Abdi alisimama mbele ya ile friji akaitazama ndani. Chupa zimepangwa, kipima joto kinaning'inia, hakuna kitu kingine. Akasema tu, "Kumbe." Jioni alituletea maziwa, akatuambia tuyanywe hapo hapo tukiwa tumesimama. Kumbukeni jina la Abdi, nitamrudia.

Lakini kama ningeruhusiwa kuwaachia jambo moja tu la Bwana Mutiso, lingekuwa namna yake ya kukabidhi dawa. Hakuwahi kumwambia mgonjwa dawa ni ya nini. Alimuuliza. Jina lako nani? Hii unameza ya nini? Unaimeza saa ngapi? Maswali matatu, kwa kila mtu, hata kwa padri, hata kwa chifu.

Mimi niliona ni kupoteza wakati. Nilikuwa nauliza, "Wewe ndiye Mueni?" na mtu anasema ndiyo, nampa. Mutiso akanivuta nyuma ya rafu. "Watu wetu wana adabu," akaniambia. "Mtu aliyechoka, amesimama kwa foleni, akiona koti jeupe linamwita Mueni, atakubali kuwa Mueni. Usimpe jina. Mwache alitaje mwenyewe." Jaribuni siku moja muone. Mtashangaa ni wangapi wanaokubali majina ya wenzao kwa sababu ya heshima tu.

Bwana Mutiso alipozeeka akaenda kulima kwao, mimi nikabaki na duka. Na sasa nifike kwa Mama Ndunge.

Mama Ndunge alitoka upande wa Wamunyu. Mwanamke mpana, mwenye kicheko cha kufukuza ndege shambani, na kiondo kilichojaa karatasi za hospitali za watu wengine. Alikuwa mjumbe wa mwethya wao. Nyinyi mliozaliwa Syokimau na Mlolongo pengine mwethya mmeusikia tu kwa nyanya zenu. Ni wanawake wanaolimiana. Leo wote kwangu tunachimba matuta, kesho wote kwako. Na kinacholetwa pale, uwe ni uji, sukari au mbegu, kinagawanywa sawasawa mbele ya macho ya wote, asije mtu akaenda nyumbani na dukuduku moyoni.

Mwethya wa Mama Ndunge ulikuwa umezeeka pamoja. Wengine walikuwa na presha, wengine sukari, wengine vyote viwili. Zahanati yao ilipokosa dawa, walimtuma mmoja aje kwetu na karatasi za wote, badala ya wote kupanda gari. Nilimuuliza Mama Ndunge maswali yangu kwa kila karatasi. Kila mgonjwa nilimtilia dawa zake katika bahasha yake, nikaandika jina, nikachora jua la asubuhi na mwezi wa jioni kwa wasiosoma. Yeye alirudia yote bila kukosea. Ana kichwa kizuri yule mama. Nilikuwa najivunia mpango ule.

Asubuhi moja akaja kabla ya siku yake ya kuchukua dawa. Duka lilikuwa limetulia. Akaweka kiondo juu ya kaunta, akainama kama mtu anayetaka kusema jambo la aibu.

"Daktari," akaniambia, maana wao huniita daktari hata nikikataa, "leo nimekuja na maneno kidogo."

"Sema, mwaitu, mama yangu."

"Ni huyu Syombua. Hebu muongezee dawa. Unampatia kidogo sana, mpaka sisi tunasikia vibaya."

"Syombua ameandikiwa kidonge kimoja, cha presha. Ndicho ninachompa."

"Si hiyo ndio nasema? Sisi wengine tuko na mbili, wengine tatu. Yeye moja tu, na ndiye mkubwa wetu. Sasa imebidi tukuwe tunampunguzia kwetu."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Nikaiweka chini. "Mnampunguzia nini?"

"Dawa. Tukifika nyumbani tunamwaga yote kwa ungo, tunakata kata, tunagawana sawa. Kama kawaida." Akanitazama usoni. "Aiya. Ni vibaya?"

Wanangu, bahasha zangu zilikuwa na majina. Jua na mwezi vilikuwa vimechorwa. Kila kilichotakiwa na sheria kilikuwa kimefanyika, na sheria hiyo yote ilikuwa imemwagwa kwenye ungo huko Wamunyu, kwa upendo.

Nikamuuliza taratibu, nisimtishe, "Na Syombua ako aje siku hizi?"

"Ako sawa. Ni uzee tu. Asubuhi anatetemeka, anatoka jasho, lakini akikula uji anapata nguvu. Juzi alilala kwa shamba, katikati ya matuta. Kuamka, anaita mama yake. Tukacheka sana."

"Leo umemwona?"

"Nilipita kwake nikaita. Akajibu kutoka ndani, lakini sikusikia vizuri amesema nini."

Sikucheka mimi. Kati ya dawa za sukari za mwethya ule kulikuwa na ile inayolazimisha mwili kutoa insulini, uwe umekula au hujala. Mwenye ugonjwa inamsaidia. Asiye na ugonjwa, na tena mzee mwembamba anayeishi peke yake na kusahau kula, inamshushia sukari ya damu mpaka anazimika. Kutetemeka, jasho, kuita mama aliyefariki zamani, yote hayo si uzee. Nilimwambia Mama Ndunge awapigie wenzake wote simu, asimeze mtu kidonge chochote mpaka nifike. Mimi nikampigia Syombua. Ikalia mpaka ikakata. Nikapiga tena.

"Nani yuko karibu naye?"

"Nzioka mchongaji. Karakana yake iko hapo kando tu."

Nikapiga namba aliyonitajia, Nzioka akashika simu huku nyuma yake kunasikika tezo zikigonga mti. Sikumsalimu.

"Nzioka, weka tezo chini. Kimbia kwa Syombua, usikate simu."

Nilisikia pumzi yake, kuku wakitawanyika, mlango ukisukumwa. Mama Ndunge alikuwa amenishika mkono wa koti, na mimi nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika kazi hii.

"Amekaa hapa kwa jiko," Nzioka akasema. "Moto umezima. Nguo imelowa maji yote. Daktari, ananiita jina la marehemu mzee wake."

"Anakaa wima? Anaweza kumeza?"

"Anaweza, lakini ni kama amelewa."

"Tafuta sukari. Koroga nyingi kwa maji, umnyweshe kidogo kidogo."

Vyombo vikagongana. "Sukari hapa hakuna. Hawa wamama wote waliacha sukari. Waliambiwa ni mbaya, wakaacha pamoja."

Mama Ndunge, aliyekuwa akisikia, akafunika mdomo. Wangeachaje mmoja mmoja? Wao hawajui kufanya kitu mmoja mmoja.

"Niko na soda yangu ya saa nne," Nzioka akasema. "Nimekunywa nusu."

"Ni soda ya kawaida? Si ile haina sukari?"

"Daktari, soda ni soda!"

"Basi mpe. Polepole. Akikataa kumeza usimmiminie, atapaliwa. Mpake ndani ya shavu."

Nilisikia chupa ikigonga meno. Nilisikia Nzioka akibembeleza, mtu mzima mwenye ndevu, kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Tukangoja. Mteja aliingia, akatutazama, akasubiri mlangoni bila kuambiwa. Na baada ya muda nisioweza kuukadiria, sauti ya kizee, kavu, yenye hasira, ikasikika kwenye simu: "Nzioka, mbona umeingia kwangu na viatu vya vumbi?"

Mama Ndunge akaketi sakafuni, akalia kwa sauti. Mimi sikulia, kwa sababu kazi haikuwa imekwisha, na hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini. Nzioka aliniambia, "Basi ameamka, narudi kazi." Nikamwambia, la. Dawa ile hukaa mwilini muda mrefu. Soda itaisha kabla dawa haijaisha, naye ataanguka tena, pengine akiwa peke yake. Atafutiwe gari apelekwe hospitali sasa hivi, aendelee kunywa kitu kitamu njiani, na alazwe achungwe. Nzioka alidhani natia chumvi, lakini akatii. Na kweli, alasiri hiyo, Syombua alizimika mara ya pili. Safari hii alizimika mikononi mwa wauguzi, wakamtundikia maji ya sukari, wakakaa naye mpaka walipoona amesimama imara.

Bwana Abdi alikuwa anaenda Wamunyu siku hiyo kutazama mbuzi. Alipoona Mama Ndunge ametoka akilia hakuuliza mengi. Aliondoa kamba na magunia kwenye kiti cha mbele cha gari lake, tukabanana sote watatu. Njiani alisema jambo moja tu, "Ile friji yenu, sasa naelewa zaidi."

Tuliwakuta wanamwethya wamekusanyika kwa Mama Ndunge, vidonge vyote vimerudishwa kwenye ungo. Nikawaona jinsi walivyokaa, wameinamisha vichwa, na hasira niliyokuja nayo ikakosa mahali pa kukaa. Niliwaeleza. Nikavua miwani yangu nikamvisha mama mmoja mrefu aliyekaa mbele.

"Unaona nini?"

"Ukungu."

"Lakini nimekugawia kwa roho safi."

Wakacheka kidogo. Kisha yule mama mrefu akanirudishia miwani, akasema, "Daktari, miwani ni miwani. Sisi tumelimiana tangu tuolewe. Ukituambia kila mtu akule yake pekee yake kwa nyumba yake, unatufunza uchoyo."

Hakuwa amesema upuuzi, nami nilijua. Nilitenganisha vidonge, vipande vilivyokatwa nisivyovitambua nikavichukua vikaharibiwe, nikawaahidi dawa mpya kila mmoja kwa karatasi yake. Wote niliwaambia waende wapimwe upya, kwa sababu waliokuwa wamempunguzia Syombua nao walikuwa wamejipunja. Wakakubali, lakini nyuso zao zilikuwa hazijakubali.

Aliyemaliza neno hilo ni Syombua mwenyewe. Alipotoka hospitalini aliomba kikao, na akataka niwepo. Ni mwanamke mdogo wa mwili, anatembea polepole mpaka unatamani kumbeba. Mama Ndunge alikuwa hajaweza kumtazama usoni. Syombua akakaa karibu naye, magoti yakigusana.

"Mlinipa kwa upendo," akawaambia. "Mimi nikameza kwa upendo. Na bado nusura nife. Sasa nikikataa kidonge cha Ndunge, mtu asiseme nimemkataa Ndunge."

Mama mrefu akauliza, akiwa hana hasira tena, anauliza tu kwa sababu hajui, "Basi sasa tugawane nini?"

Syombua akanigeukia. "Daktari, yale maswali unauliza Ndunge kule kwa duka, ni gani?"

Nikayataja.

"Sisi hatujawahi kuulizwa. Ndunge ndio anaulizwa. Tugawane hayo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila walipokutana, kabla ya jembe kugusa udongo, kila mmoja alitoa dawa zake na jirani yake akamuuliza: jina lako nani, hii ni ya nini, unaimeza saa ngapi. Wanaulizana majina hata kama wamejuana tangu usichana, na wanacheka kila mara. Mimi nami niliporudi kwenye kaunta niliongeza swali la nne, ambalo Bwana Mutiso hakuwa nalo: utampa nani mwingine? Msiliache hilo. Mtu hatakuambia kwamba anampa mumewe nusu ya dawa yake mpaka umuulize, na ukimuuliza kwa upole atakuambia bila kuficha, kwa sababu haoni kosa.

Nzioka naye, akijiona shujaa, na alikuwa na haki ya kujiona, akachonga visanduku. Kila mama na chake, na kila kifuniko na mnyama wake ili visichanganyike. Mama Ndunge alipewa kuku, kwa sababu ya kelele. Syombua kobe. Akaniletea Machakos vikiwa vimefungwa kwa gazeti, vinang'aa mpaka unajiona uso. Nikafungua kimoja, pua yangu ikaruka.

"Nzioka, umepaka nini humu ndani?"

"Rangi ya viatu, Daktari. Ile nzuri. Kitu ikitoka Wamunyu lazima ing'ae."

"Sasa presha ya Syombua inuke kiatu?"

Aliumia kidogo, masikini. Akarudi navyo, akakwangua ndani kote, akaviacha juani mpaka vikakauka na kukosa harufu. Tulikubaliana vidonge vibaki kwenye pakiti zake za bati za kiwandani, visitobolewe kabla ya wakati, kwa sababu mti huvuta unyevu. Nje alipaka rangi yake ya viatu hata hivyo, nami nikamwachia. Msimkatalie mtu kila kitu.

Siku hizi mna kompyuta inayolia dawa mbili zikigombana, mna namba za kutuma kwa simu kujua kama pakiti ni halali. Nimezitumia na nimezipenda. Hata hivyo kompyuta inajua kilichoandikwa tu, na ungo wa Wamunyu haukuandikwa mahali popote.

Nimalizie na siku yangu ya mwisho kazini. Nilikuwa nyuma ya duka nikifuta rafu ambazo zilikuwa safi tayari, kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Kaunta nilikuwa nimemwachia Kioko, kijana mwenye akili, ambaye wengi wenu mnamjua na ambaye amenipa ruhusa niseme haya. Foleni ilifika mlangoni. Simu ya duka ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega lake.

Syombua akaingia. Alikuwa amekataa kuwakilishwa siku hiyo, amekuja mwenyewe, na kisanduku cha kobe mkononi. Kioko anamjua, sote tulimjua. Akachukua karatasi yake, akaisoma vizuri, akatoa dawa, akaandika bahasha, akachora jua, akaisukuma mbele.

"Haya Susu, safari njema."

Nilichungulia. Ilikuwa dawa yenyewe, nguvu yenyewe, jina lake. Kioko hakuwa amekosea hata herufi moja.

Syombua hakuigusa.

"Susu, ni yako. Iko sawa," Kioko akasema.

"Najua iko sawa."

"Basi ni nini?"

"Hujaniuliza."

Mtu mmoja nyuma ya foleni akaguna. Kioko akageuka kunitazama, nami nikajifanya naiona rafu tu. Akamwambia aliyekuwa kwenye simu kwamba atampigia, akaiweka chini. Akaegemea kaunta kwa viwiko viwili, mpaka macho yake yakawa sawa na ya yule mama mdogo.

"Nisamehe, Susu. Jina lako nani?"

"Syombua."

"Hii unameza ya nini?"

"Presha."

"Unaimeza saa ngapi?"

"Asubuhi. Nikishakula."

"Na utampa nani mwingine?"

Syombua akafungua kisanduku, akaipanga dawa yake ndani, akakifunga, akaweka kiganja juu ya kobe.

"Hakuna," akasema. "Hata Ndunge. Na Ndunge nampenda."